Uzi Umekatika

Bustani ya kando ya mto Lukuga ilipofunguliwa, mimi nilianza kuota ndoto papo hapo. Nilijiona nikiuza mandazi kwa maharusi wanaokuja kupiga picha. Papa hakuangalia maua. Alitembea kwenye majani mapya mpaka katikati, akasimama.

"Mashine yangu njo ilikuwa hapa," akaniambia.

Zamani pale palikuwa kiwanda cha nguo. Kelele ya mashine ilikuwa kali, wafumaji wakasemezana kwa mikono. Kelele hiyo ilikula masikio ya Papa pia. Katika wenzake alikuwa amebaki na mmoja tu, mzee aliyefuma kwenye mashine ya mbele yake. Pale bustanini hawakukaa kiti kimoja. Huyu huku, yule ng'ambo ya majani, karibu na maji, mikono ikienda. Siku moja nilipita na kilemba kipya, nikaona mikono yao inapanda juu kama mnara, halafu mabega yanatikisika kwa kicheko.

"Papa, munanisema?" nikamfokea sikioni.

"Hapana, mama yangu. Tulikuwa tunasema bei ya samaki, ya ndagala."

Masika yalipoingia, yule mzee akafa. Baada ya kilio Papa hakurudi bustanini. Alikaa nyuma ya nyumba, vidole vikicheza juu ya magoti. Tukimsemesha kwa kupaza sauti, anaitikia tu kwa kichwa. Nikamwomba anifundishe ile lugha yao.

"Utasema na nani?" akaniuliza.

Nilijua alama moja tu, aliyonionyesha nikingali mudogo: ngumi mbili zinagusana, halafu zinaachana. Uzi umekatika.

Jumapili moja, baada ya misa, nikamshika mkono mpaka bustanini. Nikamkalisha mahali pake, nikavuka majani, nikakaa kwenye kiti cha rafiki yake. Moyo wangu ulikuwa mweupe kabisa. Nikainua ngumi zangu, nikaziachanisha. Nilitegemea atacheka.

Papa akasimama mara moja. Akaja mbio, akipita upandeupande, kama muntu anayepenya kati ya mashine. Ndipo nikakumbuka alivyonieleza zamani: kiwandani, mwenzako akionyesha vile, unakwenda kumsaidia kuunga uzi.

Akafika, akainama mbele ya magoti yangu, vidole tayari.

"Ni wapi?" akauliza.

Nikamupa mikono yangu, akaishika, akiendelea kuutafuta uzi kwa macho.