Kiti cha Mama Kando ya Ukuta

Mpaka leo, nikisikia jenereta ndogo ikikohoa mara mbili tatu kabla ya kuwaka, naanza kutafuta mkeka kwa macho. Nimeshakuwa mtu mzima, nina watoto wangu, lakini mlio ule hunirudisha Kamina, sebuleni kwetu, Jumapili saa nane mchana, kwenye harufu ya petroli na ya vumbi linalopata joto juu ya televisheni.

Jenereta ilikuwa ya mtaa wa pili, katika nyumba ambamo Papa Banza aliendesha televisheni ya mji wetu. Ikiwaka, vipindi vya siku vimeanza. Ikizimika, vimekwisha, hata kama mtu wa kwenye filamu alikuwa bado ananing'inia dirishani. Filamu nyingi za utoto wangu sijui ziliishaje, na nimeacha kujiuliza.

Baba alikuwa karani wa reli, na televisheni yetu ilikuwa nyeusi na nyeupe, ya kioo kilichobinuka, ikila betri ya gari. Majirani walikuja na vigoda vyao. Kwanza ilitokea mistari ya kijivu na muziki. Kisha Papa Banza mwenyewe, ambaye alikuwa mpiga picha, fundi na msomaji wa habari kwa pamoja: aliwasha kamera, akazunguka meza mbio, na sisi tuliona kiti kitupu, halafu tumbo, halafu uso unaohema. Alisoma matangazo: mbuzi wa fulani amepotea, familia fulani ina msiba Bukama, treni bado haijafika. Tangazo la treni nadhani lilikuwa karatasi ileile kila wiki. Baada ya matangazo ilikuja kwaya, na baada ya kwaya filamu, mpaka petroli iishe.

Kwaya ilikuwa ya kanisa letu la Metodisti, iliyorekodiwa siku ya Pasaka. Papa Banza alikuwa na kaseti chache sana, kwa hiyo Pasaka yetu ilirudi kila Jumapili. Katika safu ya mbele, wa tatu, alisimama Yaya Mujinga, dada yangu mkubwa. Alikuwa na miaka kumi na sita na sauti ambayo watu walitoka mitaa ya mbali kuja kuisikia. Wiki sita baada ya Pasaka ile, homa ilimshika siku ya Jumatatu, na Alhamisi tukamzika. Mimi nilikuwa na miaka tisa.

Kwa muda televisheni ilifunikwa kitambaa. Jumapili moja baba aliunganisha betri, nadhani alitaka tu kelele kidogo ndani ya nyumba ile. Hakuna aliyekumbuka kaseti. Papa Banza alimaliza kusoma habari za treni, picha ikatetemeka, na Yaya Mujinga akasimama mbele yetu katika joho lake, akafungua kinywa na kuimba. Jirani mmoja alipiga yowe. Baba aliruka kuzima, na mama akamshika kifundo cha mkono.

"Acha," alisema. "Acha aimbe."

Tangu siku hiyo mama alikaa katikati ya sebule kila Jumapili, magoti yake karibu yaguse kioo. Jua lilikuwa kali nje, kuku walikuwa wanachakura uani, na marehemu alikuwa anatuimbia. Niliogopa sana mwanzoni. Baadaye nilizoea, na hilo la kuzoea ndilo linaloniogopesha sasa.

Mama alingoja ubeti wa pili. Katika ubeti wa pili Yaya aliyaacha macho ya kamera, akatazama pembeni kidogo, akakaza midomo kama mtu anayezuia kicheko, kisha akashindwa na kutabasamu. Ilikuwa kitu kidogo tu. Mama alikuwa Bukama siku ile ya Pasaka, kwenye kilio cha shangazi yake, hakuyaona yale kwa macho yake mwenyewe. Lakini kila Jumapili, tabasamu lilipofika, aliwaambia majirani, akijigusa kifua:

"Mumuone. Anacheka na minyi. Anajua niko hapa."

Majirani waliitika, "Njo vile, Mama Mujinga." Ndivyo walivyomwita tangu zamani, kwa jina la mtoto wa kwanza, na waliendelea hivyo. Hakuna aliyewahi kumwita kwa jina langu.

Sasa niwaambie jambo ambalo sikumwambia mtu kwa miaka mingi. Mimi nilijua Yaya alikuwa anamtazama nani. Siku ya Pasaka nilikaa upande wa kushoto, karibu na dirisha. Mwalimu wa kwaya alikuwa na tabia ya kuvimbisha mashavu na kufumba jicho moja kila sauti za juu zilipokaribia. Mimi nilimngojea Yaya anitazame, nikavimbisha mashavu, nikafumba jicho moja. Alicheka kwa sababu yangu. Tabasamu lile, ambalo mama alilinywa kila Jumapili, lilikuwa langu.

Ningeweza kunyamaza nalo, na nilinyamaza miezi kadhaa. Lakini Jumapili moja nilirudi kutoka shule ya Jumapili na kaye mpya, yaani daftari, zawadi ya kusema zaburi nzima bila kukosea hata neno. Nilimwekea mama mapajani. Kwaya ilikuwa imeanza. Hakutazama chini. Alilisogeza kaye kwa kiwiko, likaanguka sakafuni, na ubeti wa pili ukafika.

"Mumuone," alisema mama. "Anacheka na minyi."

"Haiko weye," nilisema. "Anacheka na minyi. Weye haukukuwa kule."

Kwaya iliendelea kuimba. Baba aliniita jina langu, "Ngoie!", kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwangu. Mama alinigeukia polepole. Naweza kusema ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kunitazama usoni.

"Ulifanya nini?"

Nikamwonyesha. Nilivimbisha mashavu, nikafumba jicho moja, huku machozi yananitoka. Mama hakucheka wala hakunipiga.

"Ulikuwa unaikala wapi?"

"Pa dirisha. Ku mukono ya kushoto."

Aliokota kaye, akalifuta vumbi, akanipa.

Jumapili iliyofuata, jenereta ilipokohoa, niliingia na mkeka na kukuta kiti cha mama hakipo katikati. Kilikuwa kimesukumwa upande wa kushoto kabisa, kando ya ukuta, karibu na mtungi wa maji. Kutoka pale huwezi kuona kitu. Nilishajaribu mara nyingi nikichelewa kupata nafasi: kioo kilirudisha mwanga wa mlango tu, mweupe mtupu. Kwaya ilianza. Mama alikaa wima akiutazama ule mwanga.

"Mama Mujinga, kuya pa katikati," baba alisema. "Kule hauone kintu."

"Niache, Papa. Niko bien hapa."

Niliamini ananiadhibu. Niliona kwamba nimemharibia mwanawe wa kwaya, hataki tena hata kumtazama. Jumapili baada ya Jumapili nilikaa kwenye mkeka nikila kucha, nikitamani petroli iishe kabla ya ubeti wa pili. Kisha wiki moja, baada ya habari za treni, ilitokea mechi ya mpira. Papa Banza alikuwa amerekodi juu ya kaseti ya kwaya. Watoto walishangilia. Mama alibaki kando ya ukuta mpaka dakika ya mwisho ya mechi, na kiti chake hakikurudi katikati tena.

Mwaka jana binti yangu alikwenda kusoma Lubumbashi. Ananitumia video kwenye simu. Katika moja anaongea na mimi vizuri tu, halafu rafiki yake anamwita pembeni, anageuza macho, na uso wake unachanua kwa namna ambayo sijaiona siku nyingi. Nilijikuta nimeiweka simu mezani na kusogea pembeni, upande aliokuwa anatazama. Sikuiona picha kabisa. Nilisimama hapo jikoni na mwiko mkononi, na ndipo nikamwelewa mama. Kumwona Yaya hakukumtosha. Alitaka Yaya amwone.

Sikuwahi kumwambia kwamba nimeelewa. Mama alifariki kiangazi hiki. Baada ya mazishi watu walipotawanyika, niliingia sebuleni mchana peke yangu. Televisheni ilishauzwa zamani, meza yake ipo. Kiti kilikuwa palepale kando ya ukuta, miguu yake imechimba vishimo vinne kwenye saruji. Nilikaa. Mtaa wa pili mtu aliwasha jenereta, ikakohoa, ikashika.

Nilihesabu matangazo kimoyomoyo: mbuzi, msiba, treni. Niliupa muda ubeti wa kwanza. Halafu nikavimbisha mashavu, nikafumba jicho moja, nikangoja.