Assumani na Kamioneti ya Mgiriki

Mgiriki aliyekuwa na duka la samaki wakavu pale Rumonge, kando ya ziwa, aliondoka wiki ile ile Burundi ilipopata uhuru. Kamioneti yake ya kubebea mizigo, Pijo ya rangi ya maziwa, ilikuwa imegoma kuwaka, na mtu mwenye haraka hafungi safari na gari bovu. Basi akamwachia Assumani, aliyekuwa mpakiaji wake wa mizigo. Alimpa ufunguo, akampa mkono, wakaagana. Assumani na wenzake waliisukuma hadi uani kwake, wakaiezekea kwa makuti ya michikichi, na kuku wa mkewe Zuwena wakahamia ndani siku hiyo hiyo bila kumwomba mtu ruhusa.

Miaka ikaenda. Assumani akafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli, na kuku wakazoea kutaga kwenye kiti cha dereva.

Aliyeanzisha balaa ni jirani yake Hubert, Mhutu mzaliwa wa Bugarama, aliyesomeshwa na mapadri na kupata kazi ya biro, yaani ya ofisini, akiandika vipimo vya mizani kwenye kiwanda cha mawese. Kila jioni akitoka kazini alipita kusalimia, na kila jioni utani wake ulikuwa ule ule.

"Amahoro, Assumani. Kuku zako ziko na gari. Mimi mutu wa biro naenda na miguu."

Assumani alivumilia kwa muda mrefu kuliko ambavyo ningevumilia mimi. Mwishowe, mwaka wa sabini, alifukuza kuku, akafunua boneti. Panya walikuwa wamejenga humo, na injini ilikuwa imeganda kwa kutu, haizunguki mbele wala nyuma. Fundi mmoja aliyepita akielekea Nyanza-Lac aliitazama, akashauri irudishiwe kuku.

Lakini Assumani alijua kwamba mnyororo wa baiskeli ulioshikwa na kutu hulainika kwa mawese, na hakuona kwa nini injini ijione bora kuliko baiskeli. Akachemsha mawese, akafungua buji, zile zinazotoa cheche, akamimina mafuta kwenye matundu yake. Asubuhi kabla ya kazi yeye na Hubert waliining'inia manivela, ule mpini wa kuzungushia injini kwa mkono. Kwa miezi mingi kitu pekee kilichosogea kilikuwa mgongo wa Hubert.

Siku injini iliposogea upana wa kidole, Hubert aliketi chini mavumbini akacheka hadi machozi. Kuanzia hapo hawakushikika. Kabureta ilichemshwa kwenye sufuria ya Zuwena, na Zuwena akanuna hadi iliponunuliwa sufuria nyingine. Matairi yaliombwa huku na kule, hakuna lililofanana na mwenzake.

Iliwaka mapema mwaka wa sabini na mbili, Jumapili moja, Hubert akiwa ametoka misa. Ilikohoa, ikatikisika, ikanguruma, na moshi wake ukanuka ndagala, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga, hata mtaa mzima ukatoka ukidhani kuna karamu. Walikwenda hadi sokoni na kurudi, Hubert mbele kama mkubwa wa serikali, mkono nje ya dirisha. Assumani alilia waziwazi. Kando yote ya ziwa hapakuwa na mtu mwenye furaha kama yeye siku ile.

Mwishoni mwa Aprili nchi ikaharibika. Kwanza walikuja waasi wa Kihutu wenye mapanga wakaua wasio na kosa. Kisha wakaja askari, nao wakaua wasio na kosa, ila wao walikuwa na muda zaidi. Wahutu waliosoma, waliokuwa na kazi ya ofisini, walichukuliwa kwa malori, na malori yakarudi matupu. Malori yalipopungua, askari wakaanza kuchukua magari ya watu, gari pamoja na mwenye kuliendesha. Na Rumonge nzima ilikuwa imesikia kamioneti ya Assumani ikinguruma.

"Watanipa watu nibebe," alimwambia Zuwena.

"Watu gani?"

"Wa mutaa hii. Bora nife."

Zuwena alikwenda kuleta chekeche lake la unga. Walichekecha mchanga wa ziwani hadi ukawa laini, wakaumimina penye mafuta ya injini, Assumani akaiwasha akaiacha. Ilipiga kelele mbaya, kisha ikanyamaza kabisa. Kazi ya miaka miwili ilikufa kabla chai haijapoa.

Askari walipofika waliizungusha manivela hadi wakatoka jasho. Mmoja alimpiga Assumani kitako cha bunduki mgongoni, wakaondoka zao. Aliona maumivu yale ni bei ndogo sana.

Siku mbili baadaye lori la askari lilizimika barabarani mbele ya kibanda chake. Nyuma lilikuwa limejaa watu waliofungwa mikono, na Hubert alikuwa ameketi pembeni, shati lake la kazini likiwa bado limefungwa vifungo vyote.

"Wewe ndiye fundi?" mkubwa wao aliuliza.

"Minatengeneza baiskeli tu, shefu."

"Tengeneza hii. Ao unapanda na wewe."

Assumani aliinama kwenye injini. Tatizo aliliona papo hapo: mrija wa petroli ulikuwa umeziba. Akaunyamazia. Aligusa hiki, akagusa kile.

"Imenishinda," alisema.

Askari akamshika kola. Ndipo Hubert akasema kutoka juu, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Assumani. Tengeneza."

"Siwezi."

"Unaweza. Mimi nakujua. Zuwena iko mulangoni, anakuangalia. Tengeneza, ndugu yangu."

Assumani aligeuka, akamwona Zuwena. Kisha akachomoa mrija, akauweka mdomoni, akapuliza. Petroli ilimjaa kinywani. Akaurudisha mahali pake, akamwashiria dereva kwa mkono.

Lori liliwaka mara moja. Hakuna injini iliyowahi kumtii Assumani upesi namna ile.