Mtu wa Angani Kiganjani mwa Koko

Simu ililia nikiwa sokoni Kitengela, nikinunua vitunguu: bahasha yangu imefika posta ya Kajiado. Niliviacha vitunguu palepale kwenye mizani, nikakimbilia nyumbani kuchukua albamu, kisha nikapanda gari hadi posta. Muuzaji aliniita mwendawazimu, na sikumkatalia.

Ndani ya bahasha mlikuwa na stempu niliyoitafuta kwa miaka: mwanaanga anaelea nje ya chombo chake, mweupe pe, dunia ya buluu chini ya miguu yake. Ndiyo pekee iliyobaki nikamilishe seti yangu ya ukumbusho wa safari za angani, na Jumamosi wakusanyaji tulikuwa na maonyesho. Sharti lilikuwa kwamba stempu iwe mpya, gundi ya nyuma isiwe imeguswa na unyevu. Nilitamani kumbusu karani wa posta.

Furaha ni kama kikohozi, haifichiki. Nikapitia kwa mama yake mama, koko kama tunavyomwita sisi Wamaasai, nikamwekea stempu kiganjani.

“Huyu ni nani?”

“Ni mtu ametoka nje ya ndege ya kwenda angani, koko. Ako juu kushinda mawingu. Chini yake hakuna kitu.”

“Mama yake anajua ako huko?”

“Anajua.”

Akamtazama kwa huruma. Kwetu msafiri haachwi aende hivi hivi. Mkubwa humtemea mate ya baraka. Mimi mwenyewe nilitemewa kwenye paji la uso nilipokwenda chuo. Laiti ningeinyakua stempu yangu mapema! Koko alikwisha kuinamisha kichwa. Ptu! Ptu!

Nilipiga yowe mpaka mbuzi wakatawanyika. Gundi ililowa, stempu ikakunjamana, ikamganda kiganjani. Nilikasirika, nikalia kama mtoto. Nikamwambia imeharibika, na maonyesho yangu yamekwisha.

“Huyu mtu alirudi nyumbani ama hakurudi?”

“Alirudi.”

“Salama?”

“Salama, koko.”

“Sasa unalia nini?” Akaibandua polepole kwa ukucha, akanirudishia. “Na wenzake, hao unawekanga kwa kitabu? Walienda bila baraka?”

Kicheko kikanishika machozi yakiwa bado yanatiririka. Niliifikiria Jumamosi, na wale wakusanyaji wenzangu na miwani yao ya kukuzia. Kisha nikatoa albamu mkobani, nikaondoa plastiki ya ukurasa wa kwanza, nikamshikia koko mbele ya mdomo wake.