Walimnyoa Bibi Yangu Hadharani, Leo Aliyemtuhumu Anataka Nimwoshe Mimi

Admin, naomba unifichie jina, ndugu zangu wengi wanaufuata ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka 32, nina mume na watoto wawili, nauza chakula hapa Ruangwa mjini. Kwetu ni kijijini, Nachingwea.

Nimelelewa na bibi mzaa mama, nitamwita Bibi Somoe. Mama alifariki nikiwa bado nanyonya. Bibi alilima korosho na ufuta kama wenzake, lakini watu walimjua kwa dini yake. Alasiri watoto wa kike walijaa barazani kwake kusoma Kurani, na aliyekuja na njaa alikula kwanza. Kiswahili chake kilichanganyika na Kimwera, ila akisoma Kurani hata wapita njia walisimama. Na yeye ndiye aliyekuwa akiosha maiti za wanawake pale kijijini. Mvua au jua, akiitwa anakwenda, na hapokei hata kanga. Kazi hiyo alinifundisha mimi. Aliniambia, "Mjukuu wangu, maiti hawezi kujisitiri. Msitiri wewe. Ulichokiona kwake, kife na wewe."

Basi mjomba, mtoto wa pekee aliyembakia Bibi, alifiwa na mwanawe wa kiume. Ilikuwa homa, wakachelewa kumpeleka hospitali. Mke wa mjomba, Mama Zuhura, akaanza kusema, "Huyu mama kila siku yuko na maiti, anachukua nini kule?" Maneno yakatembea mpaka mjomba mwenyewe akaleta mganga. Wakamkalisha Bibi uwanjani, wakamvua ushungi mbele ya wanaume, wakamnyoa kichwa wakisema wanamtoa uchawi. Wanawake aliowaoshea mama zao walisimama wanatazama. Mama Zuhura alipiga vigelegele. Hili sikusimuliwa, jamani. Nilikuwa nimekwenda kumsalimia Bibi, nikafika wakiwa wanamalizia. Nilimfunika kwa kanga yangu, nikaondoka naye siku ileile.

Aliishi kwangu Ruangwa, na kila akiswali alimwombea mjomba kwa jina. Aliuliza kitu kimoja tu, "Wale watoto sasa wanasoma kwa nani?" Mwaka jana akafariki. Nilimpigia mjomba, akasema barabara mbaya. Hakuja yeyote. Nilimwosha Bibi yangu kwa mikono yangu. Nywele zilikuwa zimeota upya, fupi, nyeupe kabisa.

Sasa Mama Zuhura anaumwa. Ana kidonda kwenye titi, kimeoza, na hospitali wamemrudisha nyumbani. Mwezi uliopita alimtuma binti yake. Zuhura akakaa kwenye benchi langu, akasema, "Dada, mama anakuomba radhi. Na anasema akiondoka, asimwoshe mtu mwingine ila wewe. Wengine watamtangaza. Wewe umefundishwa na Bibi."

Nilimwambia, "Mwambie mama yako nitakuja. Na nitakachokiona nitakitangaza sokoni."

Zuhura alilia, akaacha chakula nilichompakulia. Sitawadanganya, nilifurahi. Siku hiyo nilipika huku naimba.

Wiki iliyopita akaja mjomba mwenyewe. Sikumpa shikamoo wala maji. Akauliza, "Mwanangu, mama alinisamehe?"

"Alikusamehe. Mimi sijakusamehe."

Akaanza kulia. Nikamwambia, kama anataka nimwoshe mkewe, asimame msikitini baada ya swala ya Ijumaa aseme mbele ya watu walewale kwamba mama yake hakuwa mchawi, kwamba walimzulia. Na Mama Zuhura aitiwe wanawake pale kitandani kwake, aseme kwa mdomo wake uleule uliopiga vigelegele.

Mjomba akasema, "Tutaaibika, mwanangu. Tutaishi vipi na watu?"

Nikamjibu, "Bibi aliishi vipi?"

Akaondoka. Ijumaa ikapita, hakusema kitu.

Mume wangu amenuna. Ananiambia, "Unamwonea mtu anayekufa. Hii ndiyo dini aliyokulea nayo bibi yako?" Nikamwambia kwamba Bibi alikufa na dini yake, mimi nimebaki na hasira yangu. Tangu hapo hatuzungumzi vizuri.

Jana Zuhura amepiga simu, mama yake hali chakula tena, anakunywa maji ya kijiko. Simu nyingine inaweza kuja saa yoyote, na wakinipigia lazima niwe na jibu. Nikikataa, wataita wanawake wa kule, na kidonda kitazungumzwa kila kisimani. Nataka kizungumzwe. Nikienda, nitamvua nguo mimi, atakuwa mikononi mwangu, hawezi kusema lolote, na sijui nitafanya nini.

Kwa hiyo ndugu zangu, nauliza kwa wanaojua uchungu wa kudhalilishiwa mzazi: niende au nisiende? Ila msije mkaniandikia kwamba Bibi angesamehe. Najua. Alisamehe kila siku mpaka kufa kwake, na wao hawakuja hata kumzika.