Dole Gumba la Baba Kwenye Kitabu cha Injini

Mjukuu wangu Isaya ana gereji hapa Tunduma, karibu na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Juzi nilimpelekea uji, nikakuta wamemwagia maji injini iliyochemka. Mvuke ukapanda, na ile harufu ikanipiga usoni: chuma cha moto, maji, grisi iliyoungua. Nikakaa juu ya tairi bila kukaribishwa.

"Bibi, umekunywa dawa ya presha?"

"Niache," nikamwambia. "Namnusa baba yangu."

Baba alinukia hivyohivyo kila jioni. Sisi ni watu wa Iyula, Wanyiha wa kahawa na mahindi, lakini yeye alikwenda kutafuta kazi mbali, kwenye mji wa reli, enzi magarimoshi yakitembea kwa mvuke. Akawa fundi wa boila, lile pipa la chuma linalochemsha maji ya injini. Kusoma hakujua hata herufi moja, ila mpe kinyundo agonge boila, atakuonyesha kwa kidole palipo na ufa usioonekana. Hata wenye vyeti walimwita aje asikilize.

Tulikaa nyumba ya reli, yenye sakafu ya saruji na bomba la maji uani. Mama yangu aliringa kwa hilo bomba, na mimi niliringa kumzidi mama.

Pale karakana, injini iliyoingia kutengenezwa ilichorwa chaki ubavuni. Mstari mmoja ni matengenezo madogo: kuosha boila, kuziba mabomba yanayovuja, basi. Miwili, wanashusha magurudumu. Mitatu ndiyo makubwa: boila zima linanyanyuliwa kwenye fremu, linafunguliwa, linapimwa upya. Kila injini ilikuwa na kitabu chake, na humo karani huandika maili ilizotembea. Ikishafanyiwa makubwa, maili zinaanza kuhesabiwa upya kutoka sifuri, kana kwamba imezaliwa jana. Kwa hiyo injini iliyoandikwa "makubwa" haitafunguliwa tena leo wala kesho. Wataiendesha tu, wakiamini iko salama.

Karani wa vitabu hivyo alikuwa Lazaro, mtu wa Ruanda, si ile nchi bali kijiji cha jirani na Iyula, kwetu kabisa. Huko ugenini kulikuwa na nyumba mbili tu za Kinyiha, yetu na yake. Nilimwita baba mdogo. Akila kwetu, baba humwekea paja la kuku. "Mtu wa kwenu ndiyo ukuta wako," baba alipenda kusema.

Mwaka ulikuwa unakwisha na wakubwa walitaka kuona karakana imemaliza injini ngapi za mistari mitatu. Hazikutosha. Hilo mimi sikulijua. Nilichojua ni kwamba baba alikuwa amemaliza injini ya mstari mmoja, akatusimulia wakati wa kula kwamba ameosha boila na kuziba mabomba matatu, na kwamba lile boila limechoka, linafaa kunyanyuliwa. Kesho yake ikapigwa rangi, nyeusi inayong'aa, na mstari mwekundu. Nilikwenda kuitazama na wenzangu, nikawaambia hiyo ni ya baba yangu.

Jumapili mchana Lazaro akaja na karatasi na kidau cha wino.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba, msomi wetu! Wiki hii mwalimu amekuchapa, au wewe ndiye umemchapa?"

Tukacheka. Baba akasema, "Haya, nisomee hiyo kitu nigonge dole."

"Nikusomee mimi, na una msomi ndani?" Akanipa mimi ile karatasi. "Mama, mwambie baba yako. Ni ile injini yake ya juzi, ile ya mstari mmoja."

Nilikuwa darasa la pili. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza tulikuwa hata hatujaanza. Nilitambua namba ya injini tu. Mama amesimama mlangoni anatabasamu. Nikajinyoosha kama niko mbele ya darasa, nikasema kwa sauti, "Matengenezo madogo. Boila limeoshwa. Mabomba matatu yamezibwa."

Lazaro akapiga makofi. Baba akachovya dole kwenye wino, akaligandamiza pale alipoonyeshwa.

Kabla mvua hazijaisha lile boila likapasua bomba njiani. Mchochea moto akaungua kifua na mikono yote miwili, na hakurudi kazini tena. Wakubwa wakafungua kitabu, na karatasi ile imebandikwa humo: matengenezo makubwa, boila limenyanyuliwa na kupimwa, na chini yake dole la baba. Baba akaapa kwamba alifanya madogo. Wakamwita Lazaro. Akasema, tena bila kumtazama baba, "Mimi ni karani. Naandika ninachoambiwa na fundi."

Baba akafukuzwa kazi, na ndani ya siku saba tukatoka kwenye nyumba ile. Mama alifunga bomba la uani akalikaza mno, kama anayemnyonga mtu. Shule yangu ikaishia palepale. Tukarudi Iyula, baba akashika jembe, na watu wakanong'ona kwamba ameunguza mtu.

Mimi nilikaa na uongo wangu miaka kumi na tano. Nilikuwa nimeshaolewa, nina watoto wawili, siku moja nikianika kahawa na baba nikashindwa kuuvumilia. Nikamwambia: baba, ile karatasi sikuisoma.

Akaendelea kuchambua kahawa. "Darasa la pili, Kiingereza ungekitoa wapi? Nilijua."

"Sasa kwa nini uligonga dole?"

"Ulikuwa umesimama wima sana, mwanangu. Ningekukalishaje chini mbele ya mgeni? Nikasema moyoni, huyu ni mtu wa kwetu, ataandika kilichofanyika."

Nililia mpaka kahawa ikalowa. Kabla ya hapo nilimchukia Lazaro kwa sababu ya kazi ya baba na nyumba yetu. Siku ile ndipo nilipotambua alichonifanyia mimi. Hakunipa karatasi ile kwa utani wala kwa kuniheshimu. Aliniona nilivyo, mtoto wa kuringa asiyekubali kusema sijui, akajua baba hataniaibisha mbele ya mgeni. Akanitumia mimi kumshika baba yangu mkono na kuligonga dole lake kwenye uongo.