Mtulinga wa Mdogo Wangu

Nilimvunja mdogo wangu mtulinga kwa fimbo ya kuswagia maksai, mchana kweupe, katika shamba la marehemu baba huko Sengerema. Naliandika hili mwanzoni ili msomaji asije akanionea huruma kabla hajajua anamhurumia nani.

Mama ndiye aliyenipigia simu. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha, majirani wameshapanda, na kwetu plau limelala. Mdogo wangu, kijana wa miaka ishirini na sita, ndiye aliyebaki nyumbani kulima baada ya baba kufariki. Mimi nina karakana ya kuchomelea mageti Igoma, ng'ambo ya ziwa.

"Njoo umwone mwenzio," mama alisema. "Halimi, haongei, sahani anairudisha vilevile. Nimempeleka kwa mganga akachanjwa chale, wapi. Labda wewe atakuogopa."

Kwetu mtu asiye na homa wala kidonda haumwi. Ni mvivu au amerogwa, na dawa ya kurogwa ilikuwa imeshashindwa.

Nikafunga karakana, nikavuka ziwa kwa kivuko nikiwa nimeshakasirika. Kusema kweli, siku hizo nilikuwa nakasirika kabla ya kuamka. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimeivunja redio ya karakana kwa nyundo kwa sababu mtangazaji alicheka, na nilikuwa nimemzaba kofi mteja aliyeuliza geti lake litakuwa tayari lini. Mke wangu alikuwa ameacha kuniuliza habari za kazi. Nilijiona mwanaume mwenye majukumu, basi.

Nilimkuta mdogo wangu shambani, amekaa chini kwenye udongo uliopinduliwa, maksai wawili wamesimama juani na nira shingoni. Alikuwa amelima mistari miwili tu. Aliinua macho akasema, "Shikamoo, kaka." Sikuitikia. Niliokota fimbo.

Ya kwanza ilimpata mgongoni. Nilingoja akimbie, maana ndivyo tulivyolelewa: baba akishika fimbo unakimbia, anakufukuza kidogo, watu wanacheka, yameisha. Hakukimbia. Hakuinua hata mkono kujikinga. Nikaona ananidharau, na hapo ndipo akili iliponiruka. Nilimpiga mapajani, mabegani, kichwani, nikimtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika kwa sababu yanamgusa mama yetu sote wawili. Damu ilimtoka sikioni ikaingia kwenye kola ya shati. Maksai walishtuka, wakalikokota plau hadi kwenye mihogo ya jirani. Nilisikia mfupa ukikatika, mlio mdogo mkavu, na bado nikaongeza mbili. Mama alikuja mbio kutoka nyumbani, akanikumbatia kiuno kwa nyuma, akaning'ang'ania mpaka fimbo ikanidondoka.

Kinachoniumiza hadi leo ni kwamba nilijisikia nafuu. Kwa dakika zile chache, baada ya miezi mingi, nilijisikia mzima.

Hospitalini nilisema ameangukia plau. Daktari, mama wa makamo, aliitazama michirizi mgongoni mwa mdogo wangu na hakubishana nami. Walipomaliza kumfunga mkono kwa kitambaa shingoni, alifunga mlango akamuuliza yeye.

"Mwanangu, nani kakupiga?"

"Kaka. Ila mimi ndiye niliyemwacha anipige," mdogo wangu alijibu kwa utulivu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Sikutaka aache. Nilijua akipiga anapiga kweli. Nikasema leo itaisha."

Nilikuwa nimesimama mlemle chumbani, dirishani. Nilishika nondo za dirisha kwa mikono miwili. Nilikuwa nimempiga kwa kiburi ambacho hakuwa nacho.

Daktari hakushtuka. Alianza kumuuliza polepole, moja baada ya nyingine. Unalala? Unakula? Vitu ulivyovipenda bado unavipenda? Unajiona huna faida? Mdogo wangu aliitikia kwa kichwa au kukataa kwa kichwa, na mimi pale dirishani nikawa najibu moyoni bila kuombwa. Usingizi ulikuwa umenikimbia tangu kiangazi. Ugali na sato, chakula ambacho nilikuwa nikigombea na watoto wangu kichwa cha samaki wake, nilikuwa nakimeza kama dawa. Mpira nilikuwa naupenda kupita kiasi, na sikujua hata timu yangu ilicheza na nani Jumapili.

"Ugonjwa huu wa sonona hauji kwa machozi tu," daktari alimwambia. "Wengine hawalii. Wanapiga."

Nilimkatisha. Nilimwambia kwa ukali aache hadithi, aendelee na mgonjwa.

"Naendelea na mgonjwa," alisema, akavuta kiti cha pili. "Kaa, baba."

Nilikaa. Nadhani ni kwa sababu miguu ilikuwa imechoka, au kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa ameniambia nikae kwa muda mrefu. Aliniuliza maswali yaleyale, nikamjibu kwa mkato, ndiyo, hapana, ndiyo. Kisha akauliza kama nimewahi kutamani nisiwepo duniani.

"Hapana," nilisema. Nina watoto watatu. Nina vijana wanne wanaokula kwa karakana yangu. Hapana.

Mdogo wangu alikuwa ameegemea ukuta, jicho moja limevimba hadi limefumba. Alinigeuzia lile zima.

"Mwambie ukweli, kaka," alisema. "Nilikuwa nakutazama usoni wakati unanipiga. Uso ule naujua. Ndio ninaounawisha kila asubuhi."

Nikamwambia daktari ukweli. Nilianza na kivuko cha asubuhi ile, nilivyosimama ukingoni peke yangu nikiyatazama maji, na nilivyokasirika tulipofika ng'ambo nami bado nipo.