Nati za Nyuma za Gari Nyekundu

Hakuna gari inayoweza kunishangaza mimi. Niliishia darasa la nne, nikasukuma mkokoteni Kariakoo mpaka mabega yakaota sugu, na leo nina gereji yangu Ilala yenye mashimo mawili ya kuingilia chini ya gari, na nyumba ya ghorofa Magomeni. Gari ikiingia getini, nasikia mlio tu, nakwambia inaumwa wapi.

Siku moja akaja mzee mmoja, mstaafu wa bandarini, na gari ya spoti nyekundu, milango miwili, paa la kukunja, ya zamani kuliko ndoa yangu. Nyuma ilikuwa inayumba, na kila shimo inagonga chuma kwa chuma.

"Fundi," akaniambia, "mke wangu alipasuliwa nyonga. Tangu hapo hataki kupanda, anasema inamuumiza. Miaka yote Jumapili tunatoka wawili na hii gari. Ukiiweza, atapanda. Ukishindwa naiuza. Peke yangu niende nayo wapi?"

"Mzee, hapa umefika. Ijumaa njoo na mama."

Nikaipandisha kwenye stendi, magurudumu yakaning'inia. Raba za bushi, zile za kwenye maungio ya vyuma vya nyuma, zilikuwa zimekwisha, kama ubuyu uliomung'unywa. Nikachongesha mpya, nikafunga shokapu mpya, nikabana nati zote kwa nguvu zangu zote, gari ikiwa juu vile vile. Kuishusha, nyuma imenyanyuka. Nikafurahi. Mjini hapa watu wanalipia gari inyanyuliwe, barabara zetu unazijua. Nikaona nimempa mzee na nyongeza.

Ijumaa wakaja kwa bajaji, mama na fimbo yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ndiye wewe unayejisifu?"

"Ndiye mimi."

"Haya, tuone."

Walizunguka mtaa mmoja tu. Waliporudi, mama alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili, macho kayafumba. Jirani yangu muuza spea, mtu wa Moshi asiyekosa neno, akapaza sauti toka dukani: "Bosi, umewafungia springi za fuso?" Mtaa mzima ukacheka.

Nikaanza kulaumu barabara. Mama akanikatisha.

"Barabara ni ile ile. Niambie, wakati unabana nati, nani alikuwa amekaa ndani?"

"Hakukaa mtu, mama. Gari ilikuwa juu."

"Basi ndiyo maana. Fundi wetu wa kwanza, Mungu amrehemu, alikuwa anaiweka chini kwa magurudumu yake, mimi ananikalisha hapa, mume wangu pale, tunakunywa chai, ndipo anabana. Nikamuuliza, kwani mimi gunia? Akasema raba ibanwe ikiwa imebeba mzigo wake. Ukiibana inaning'inia, ukishusha gari inajinyonga, inakuwa ngumu, halafu inachanika."

Miaka ishirini na tano ya spana! Ningeweza kubisha, na ningeshinda kwa mdomo. Lakini nilimwona mzee amechomoa ufunguo, anaufuta taratibu kwa kidole gumba, kama mtu anayeaga. Nikaingia chini, nikafungua nati moja. Raba mpya kabisa, imeshaanza kuchanika pembeni.

Nikatoka. "Mama, umesema kweli. Kosa langu. Mzee, usiiuze, nipe mpaka Jumapili asubuhi."

Jumapili hiyo gari ilikuwa juu ya shimo, magurudumu yote manne yamekanyaga chini. Mzee kwenye usukani, mama kiti cha kushoto, kila mmoja na kikombe cha chai. Mimi shimoni na spana.

"Umenenepa," namsikia mzee. "Fundi atapata tabu."

"Nimenenepa kwa chakula cha nani? Jiangalie tumbo."

Nimefunga magari ya wakubwa mengi, lakini sijawahi kufunga gari huku wenyewe wanataniana juu ya kichwa changu. Nilibana polepole kuliko ilivyohitajika.

Wakaondoka. Mtaa wa kwanza, wa pili, hawakurudi. Nimesimama getini saa nzima, namwambia jirani nasubiri mteja. Mwisho wakatokea, paa limekunjwa, mtandio wa mama umemshuka mabegani, na mguu wa nyonga mbovu kaunyoosha mbele kama yuko sebuleni kwake.

"Unatudai kiasi gani cha mara ya pili?" akaniuliza.

"Hiyo ni yangu, mama."

Raba nyingine, kuchongesha, nati nne na vikombe viwili vya chai: mfukoni mwangu zimetoka shilingi laki moja themanini na sita elfu na mia tano.